KIWANGO CHA KODI NA SWALI LA TABAKA
Historia fupi ya kodi kubwa za mapato duniani

Katika mikutano ya matawi, na hata katika madarasa ya vyuo vyetu, hoja ya kodi huzuka mara kwa mara, na mara nyingi huishia kwenye namba. Ndugu mmoja husema kwamba Uingereza ya mwaka 1974 iliwatoza matajiri asilimia 98, kwa hiyo hata ubepari uliwahi kuwa na haki. Mwingine hujibu kwamba Uswidi ilimtoza mwandishi wa vitabu vya watoto asilimia 102, kwa hiyo kutafuta usawa ni wazimu. Namba zao wote wawili ni sahihi. Hata hivyo wote wawili wamekosea, kwa sababu wamechukua kiwango kilichoandikwa katika sheria wakakifanya kuwa ndicho historia yenyewe.

Tunataka kuonyesha hapa kwamba kiwango cha kodi kikisimama peke yake ni bubu. Ili kiseme, lazima tukiulize maswali manne. Kwanza, kinaanzia kwenye pato la kiasi gani? Pili, kinashika pato la aina gani, la jasho au la mali? Tatu, dola ina uwezo gani wa kuliona pato hilo? Nne, ni tabaka lipi lenye nguvu ya kukilinda kiwango hicho kisiteremshwe?

Kabla ya kuendelea tuondoe kosa moja la hesabu ambalo wapinzani wa kodi hupenda kulitumia. Kiwango cha juu hakitozwi juu ya pato lote. Hutozwa juu ya sehemu inayovuka ngazi iliyowekwa. Tuseme sheria inatoza asilimia 10 kwa shilingi 1,000 za kwanza, na asilimia 90 kwa kila shilingi inayozidi hapo. Mwenye shilingi 1,100 atalipa 100 kwa ngazi ya kwanza na 90 kwa ngazi ya pili, jumla 190. Hiyo ni kama asilimia 17 ya pato lake. Anayemwambia kwamba amenyang'anywa asilimia 90 anamdanganya.

Kodi iliyozaliwa vitani

Kodi ya mapato haikuletwa na huruma ya matajiri. Ililetwa na vita. Mwaka 1799 Uingereza, ikipigana na Ufaransa, ilianza kutoza kodi hiyo chini ya Waziri Mkuu William Pitt. Kiwango chake cha juu kilikuwa shilingi 2 kwa kila pauni, yaani asilimia 10, kwa wenye pato la zaidi ya pauni 200 kwa mwaka. Vita vilipokwisha, Bunge lililojaa wenye ardhi na wafanyabiashara likaifuta mwaka 1816, na likaamuru kumbukumbu zake ziharibiwe. Tabaka tawala halikutaka hata alama ibaki ya kuonyesha nani alikuwa na nini. Kodi ilirudishwa mwaka 1842 na Robert Peel, kwa pensi 7 tu katika pauni, kiasi cha asilimia 3.

Karne ya ishirini ilipoanza, nguvu mpya iliingia uwanjani, yaani wafanyakazi wenye vyama vyao na kura zao. Mwaka 1909 Lloyd George alileta bajeti ya kulipia manowari na pensheni za wazee. Ndani yake aliweka kodi ya nyongeza kwa pato linalozidi pauni 5,000 na kodi juu ya ardhi. Baraza la Malodi, ambalo ndilo lililokuwa ngome ya makabaila, likaikataa. Uchaguzi ukafanyika mara mbili mwaka 1910, na mwaka 1911 sheria ikawaondolea Malodi uwezo wa kuzuia miswada ya fedha. Kodi ndogo sana kwa watu wachache sana ilitosha kuitikisa katiba ya nchi nzima.

Marekani nako ilikuwa hivyo. Mwaka 1894 wabunge walipitisha kodi ya asilimia 2 kwa pato linalozidi dola 4,000. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sheria hiyo ilikwenda kinyume cha katiba. Ikabidi katiba yenyewe ibadilishwe mwaka 1913, na kodi ikaanza kwa asilimia 1 kwa walio chini na asilimia 7 kwa walio juu kabisa.

Upande wa pili wa sarafu

Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuuliza, wakati hayo yakitendeka Ulaya, sisi tulikuwa tukilipa nini? Wajerumani walianza kukusanya kodi ya nyumba mwaka 1898. Kodi hiyo haikuuliza pato. Maskini na mwenye nacho waliwekwa sawa, kwa sababu shabaha yake ilikuwa kumtoa mkulima shambani kwake akatafute fedha kwenye mashamba ya wageni. Kodi ya kichwa ya Waingereza iliendeleza shabaha ile ile.

Mfano wa Kenya unafundisha zaidi. Mwaka 1921 serikali ya kikoloni ilianzisha kodi ya mapato ambayo ingewagusa walowezi. Walowezi waliipinga kwa nguvu zote, na mwaka 1922 ikafutwa. Wakati huo huo kodi ya nyumba na kichwa ya Mwafrika ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16. Waafrika walipoandamana Nairobi mwezi Machi 1922, baada ya Harry Thuku kukamatwa, walipigwa risasi. Baadaye kodi yao iliteremshwa hadi shilingi 12. Walowezi walipata nafuu yao kwa barua na vikao, na Waafrika wakapata nafuu ndogo kwa damu. Kodi ya mapato ilirudi Kenya mwaka 1937, na Tanganyika, Uganda na Zanzibar ikaingia mwaka 1940, wakati wa vita vingine.

Njia ya kufikia asilimia 90

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyobomoa mipaka ya zamani. Vyama vya wafanyakazi Uingereza vilidai kwamba, ikiwa vijana wanaandikishwa jeshini kwa lazima, basi na mali iandikishwe. Kufikia mwaka 1918 kiwango cha kawaida cha kodi Uingereza kilikuwa shilingi 6 kwa pauni, yaani asilimia 30, mbali na kodi ya nyongeza. Marekani ilipanda kutoka asilimia 7 hadi 77 katika muda wa miaka mitano. Vita vilipokwisha, mabepari wa Marekani walijitahidi kurudi walikotoka, na kufikia mwaka 1925 kiwango cha juu kilikuwa asilimia 25. Mdororo mkuu wa uchumi ukakipandisha tena hadi asilimia 63 mwaka 1932, na 79 mwaka 1936.

Vita vya pili vikafikisha jambo hili kileleni. Uingereza ilitoza shilingi 19 na pensi 6 katika kila pauni ya ngazi ya juu, yaani asilimia 97.5. Mwaka 1942 Rais Roosevelt alipendekeza kwamba Mmarekani yeyote asibakiwe na zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka baada ya kodi. Bunge la nchi yake lilikataa, lakini mwaka 1944 kiwango kilifika asilimia 94 kwa pato linalozidi dola 200,000.

Hapa tusiishie kutazama kilele cha mlima. Tutazame na bonde. Mwaka 1939 waliolipa kodi ya mapato Marekani walikuwa kama milioni 4, na kufikia mwaka 1945 walikuwa zaidi ya milioni 40. Mwaka 1943 waajiri walianza kukata kodi kabla mshahara haujamfikia mfanyakazi. Uingereza ilifanya hivyo mwaka 1944 kwa utaratibu ambao sisi tuliurithi na kuuita Lipa Kadiri Upatavyo. Maana yake ni kwamba kiwango kikubwa cha matajiri kilikuwa sehemu ya mapatano. Dola ilimwendea mfanyakazi ikamwomba maisha yake vitani na sehemu ya mshahara wake. Isingeweza kumwomba hivyo huku tajiri akiachwa.

Mlango wa mbele na mlango wa nyuma

Kiwango cha Marekani kilibaki asilimia 91 kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950, chini ya Rais Eisenhower, ambaye hakuna aliyemwita mjamaa. Iliwezekanaje mabepari wakavumilia? Jibu ni kwamba mlango wa mbele ulifungwa kwa kufuli kubwa, na ule wa nyuma ukaachwa wazi. Faida ya kuuza hisa au mali iliyoshikiliwa kwa muda ilitozwa asilimia 25 tu. Mwenye kisima cha mafuta aliruhusiwa na sheria kuondoa asilimia 27.5 ya mapato ya kisima kabla ya kuhesabiwa kodi, nafuu iliyokaa katika kiwango hicho toka 1926 hadi 1969. Kwa hiyo tajiri mwerevu hakupokea mshahara mkubwa. Aliacha mali yake ikue, akaiuza, akalipa kodi ndogo.

Hata hivyo tusiharakishe kusema kwamba asilimia 91 haikuwa na kazi. Ilikuwa na kazi kwa mkurugenzi, maana hakuona faida ya kujiongezea mshahara usio na kikomo ikiwa karibu wote ungekwenda serikalini. Lakini kwa mwenye mtaji ilikuwa kama chandarua chenye matundu. Hilo ndilo swali letu la pili, la jasho na mali.

India na asilimia 97.75

India inatufundisha juu ya swali la tatu, uwezo wa dola. Mwaka 1956 mchumi Nicholas Kaldor aliishauri serikali ya India isitegemee kiwango kikubwa mno. Alishauri kodi ya mapato isizidi asilimia 45, lakini iambatane na kodi ya utajiri, ya zawadi, ya matumizi na ya faida itokanayo na kuuza mali, ili kila kodi ifichue kile ambacho nyingine imefichwa. India ilizichukua kodi hizo mpya, lakini haikuteremsha kiwango kama alivyoshauri. Kodi ya matumizi iliyoanza mwaka 1957 ilifutwa, ikarudishwa, na mwaka 1966 ikafutwa kabisa.

Mwaka wa fedha 1973/74, chini ya Indira Gandhi, kodi ya asilimia 85 pamoja na nyongeza yake ilifika asilimia 97.75 kwa pato linalozidi rupia 200,000. Kwenye karatasi hakuna nchi kubwa ya dunia ya tatu iliyokuwa imepanda juu zaidi. Lakini pato la kilimo halikuguswa na kodi ya serikali kuu, hivyo kabaila mwenye mashamba makubwa alilala usingizi. Mfanyabiashara alijifunza kuweka daftari mbili, moja la mkaguzi na moja la nyumbani. Kamati ya Wanchoo, iliyotoa taarifa yake Desemba 1971, ilikuwa imekwisha onya kwamba viwango hivyo vinalisha fedha zinazofichwa, ambazo Wahindi huziita fedha nyeusi. Mwaka uliofuata kiwango kikateremshwa hadi asilimia 77. Kilifika 50 mwaka 1985, na 30 mwaka 1997.

Je, kosa lilikuwa kuwatoza matajiri? Hapana. Kosa lilikuwa kudhani kwamba azimio kali linaweza kufanya kazi ya ofisa mwaminifu, daftari sahihi, na sheria isiyomwacha kabaila nje. Kiwango kikubwa kisicho na macho humpata tu yule asiyeweza kujificha, naye kwa kawaida ni mtu wa mshahara.

Uswidi na asilimia 102

Sasa tuje kwenye ile asilimia 102. Machi 1976 Astrid Lindgren, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto na mfuasi wa siku nyingi wa chama cha Social Democrats, aliandika gazetini hadithi ya kejeli kuhusu kodi yake. Kwa kuwa alijiajiri mwenyewe, alilipa kodi ya mapato na pia michango ya mwajiri, na vikijumlishwa juu ya ngazi ya mwisho vilizidi pato lenyewe. Waziri wa Fedha, Gunnar Sträng, alimdhihaki kwamba anajua hadithi lakini hajui hesabu. Hesabu ya mwandishi ilikuwa sahihi. Septemba mwaka huo chama hicho kilishindwa katika uchaguzi, baada ya kuongoza serikali kwa karibu miaka 44.

Wapinzani wa usawa huishia hapo. Sisi tuendelee. Kampuni kubwa za Uswidi zilikuwa zikiruhusiwa tangu mwaka 1938 kuweka sehemu ya faida katika mifuko ya uwekezaji bila kuitozwa kodi, kwa hiyo faida iliyobaki kiwandani ilipata unafuu ambao mwandishi hakuupata. Tena hospitali, shule na pensheni za Uswidi hazikulipiwa na matajiri peke yao. Zililipiwa na wafanyakazi wote, kwa kodi ya mapato na, toka mwaka 1960, kwa kodi ya mauzo. Nguvu ya kodi ya Uswidi ilikuwa upana wake, pamoja na imani ya mfanyakazi kwamba alichotoa atakiona kwenye zahanati na shule ya mtoto wake.

Mageuzi ya mwaka 1991 yaliteremsha kiwango cha juu hadi kiasi cha asilimia 50, na mapato ya mtaji yakawekewa asilimia 30 peke yake. Kodi ya urithi ikafutwa mwaka 2004 na ya utajiri mwaka 2007. Katika nchi hiyo hiyo inayosifiwa kwa usawa, jasho la mwenye mshahara mkubwa likawa linatozwa zaidi kuliko pato la aliyerithi hisa.

Asilimia 13 mara mbili

Mfano wa Urusi unamaliza ubishi. Mwaka 1848 Marx na Engels waliiweka kodi kali ya mapato inayopanda kwa ngazi kuwa moja ya hatua kumi za Ilani yao. Mtu angetarajia basi kwamba Muungano wa Sovieti ungekuwa na kiwango kikubwa kuliko vyote. Kumbe kwa miongo mingi kiwango cha juu kwa mshahara wa mfanyakazi wa serikali kilikuwa asilimia 13. Mwaka 1960 serikali iliamua hata kuifuta kodi hiyo ya mishahara hatua kwa hatua, kisha mwaka 1962 ikaahirisha. Sababu yake ni wazi. Viwanda vilikuwa mali ya dola, na dola ilichukua fedha yake kwenye faida za viwanda na kwenye bei za bidhaa kabla mshahara haujapangwa.

Muungano huo ulivunjika mwaka 1991. Mwaka 2001 Urusi mpya, ambayo viwanda na visima vyake vingi vilikuwa vimeingia mikononi mwa matajiri wachache, iliweka kiwango kimoja kwa wote, asilimia 13. Namba ni ile ile. Zamani iliwekwa kwa sababu hapakuwa na bepari wa kumtoza. Sasa iliwekwa ili bepari asitozwe zaidi ya mfagizi. Nchi hiyo ilianza kurudisha ngazi mwaka 2021, ikaongeza nyingine mwaka 2025 hadi asilimia 22.

Kurudi nyuma

Kuporomoka kwa viwango vikubwa kulianza Uingereza. Mwaka 1974 pato la jasho lilitozwa hadi asilimia 83, na pato la mali liliongezewa 15, ndiyo ile 98 iliyotajwa mwanzoni. Tuone kwamba hapo mali ilitozwa zaidi kuliko jasho. Juni 1979 serikali ya Margaret Thatcher iliteremsha 83 hadi 60, na katika bajeti hiyo hiyo ikapandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 8 hadi 15. Mzigo ulihamishwa kutoka kwenye pato la mwenye nacho hadi kwenye kikapu cha kila mnunuzi. Oktoba mwaka huo vikaondolewa vizuizi vya kupeleka fedha nje ya nchi. Toka hapo mtaji ulipata miguu, na kila serikali ikaambiwa kwamba ikitoza sana mtaji utakimbia. Mwaka 1988 kiwango kilikuwa 40. Marekani iliteremka kutoka 70 hadi 50 mwaka 1982, na hadi 28 mwaka 1988.

Vita vilikuwa vimesahauliwa, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimevunjwa nguvu. Hilo ndilo jibu la swali letu la nne. Viwango vikubwa vilidumu kadiri nguvu iliyovileta ilivyodumu.

Tujipime sisi wenyewe

Tukiyachukua maswali hayo manne tukayaleta nyumbani, tutaona mambo ya kutufikirisha. Kwa viwango vya mwaka 2021, ngazi ya juu ya kodi ya mshahara Tanzania Bara, asilimia 30, ilianzia kwenye mshahara unaozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mwalimu mkongwe au muuguzi aliyepanda cheo akivuka hapo kwa shilingi laki mbili, anasimama kwenye ngazi moja na mkurugenzi mwenye mshahara wa milioni 50. Gawio la mwenye hisa, baada ya kampuni kulipa kodi yake, hukatwa asilimia 10, na asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa. Oman iliamua mwaka 2025 kwamba itaanza mwaka 2028 kutoza asilimia 5 tu, lakini kwa pato la mwaka linalozidi rial 42,000. Kiwango chake ni kidogo, lakini kinaanzia juu sana, hata kiwaguse wachache tu. Kwa hiyo anayelinganisha 5 na 30 bila kutazama ngazi inapoanzia hajalinganisha kitu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililitambua jambo hili kwa njia yake. Halikuanza na kiwango cha kodi. Lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha. Yaani lilitenganisha pato la jasho na pato la mali, na likaanza kwa kuwabana wale ambao wangetunga sheria. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Tangu hapo swali limerudi kwetu. Mtunga sheria mwenye hisa na nyumba ataandika kodi ya nani?

Swali hilo sasa ni la dunia nzima. Mwaka 2024 nchi za G20 zilizokutana Brazil zilikubali kushirikiana ili matajiri wakubwa kabisa watozwe ipasavyo, na mchumi Gabriel Zucman alikuwa amependekeza walipe kila mwaka angalau asilimia 2 ya utajiri wao. Namba hiyo ni ndogo. Lakini kama tulivyoona mwaka 1909, asilimia ndogo inayogusa mahali penyewe hutikisa zaidi kuliko asilimia 97 inayopita hewani.

Kazi ya kada na mwanafunzi ni nyepesi kuitaja, nzito kuitenda. Tukisikia kiwango cha kodi, cha nchi yoyote ile, tusishangilie wala tusitishike mpaka tujue kinaanzia wapi, kinamshika nani, nani anaweza kukikwepa, na nani amejipanga kukilinda. Tuwaelimishe wafanyakazi na wakulima wayaulize hayo matawini na kwenye vyama vyao, kwa sauti, kila bajeti inaposomwa.